Watani wa Enterprise: vichekesho vya angani vyawagawa mashabiki

Na Mwandishi Wetu

Agosti 2013, mjini Las Vegas, mashabiki wa Star Trek, mfululizo wa hadithi za anga, waliokusanyika kwenye mkutano wao waliifanya kazi moja ngumu: kuzipanga filamu zote za mfululizo huo, kuanzia iliyo bora hadi iliyo ovyo. Filamu zenyewe zilikuwa 12. Hakuna aliyeshangaa The Wrath of Khan ya 1982 ilipokaa kileleni. Into Darkness, iliyokuwa imetoka miezi michache tu kabla, ikatupwa mkiani.

Gumzo lilikuwa katikati. Orodha ilipokamilika ilikuwa na filamu 13. Nafasi ya saba ilikaliwa na Galaxy Quest, filamu ya vichekesho ya 1999 ambayo si ya Star Trek, haikutengenezwa na wenye Star Trek, na ambayo kazi yake yote ni kuwacheka waigizaji wa aina ya Star Trek pamoja na watu wa aina ileile waliokuwa ukumbini siku hiyo.

Filamu sita halali zilipitwa na mzaha.

Kwa asiyeifahamu, Galaxy Quest inawafuata waigizaji wa tamthilia ya anga iliyofutwa zamani, ambao sasa wanaishi kwa kuzindua maduka na kusaini picha. Tim Allen ni nahodha mwenye majivuno. Alan Rickman ni mwigizaji wa jukwaani aliyesomea fani yake Uingereza, anayejionea aibu kila anapovaa kichwa cha mpira. Sigourney Weaver ni ofisa ambaye kazi yake chomboni ni kurudia maneno ambayo kompyuta imekwisha kuyasema. Viumbe wa mbali wamenasa matangazo ya kipindi hicho, wakaamini ni kumbukumbu za historia, wakaunda chombo halisi, kisha wakaja kuwachukua "mashujaa" hao wawasaidie vitani.

Mambo yanapoharibika, anayewaokoa ni kijana shabiki aliyeko nyumbani kwao, ambaye nahodha alikuwa amemfokea hadharani. Anaijua ramani ya chombo kuliko wanaokiendesha. Filamu inamcheka kijana huyo kwa muda mrefu, kisha inamkabidhi funguo.

Anayeruhusiwa kutania

Msomaji wa Kitanzania hatahitaji maelezo marefu hapa. Mngoni akifika msibani kwa Mhehe anaweza kujilaza njiani jeneza lisipite, akadai marehemu amekufa na deni lake, na hakuna atakayemkunjia uso, maana huyohuyo ndiye atakayeshika jembe makaburini. Mgeni asiyejulikana akijaribu hivyo atatolewa kwa fimbo.

Mashabiki wa hadithi za anga wana ukaguzi wao wa namna hiyo. Kila inapokuja tamthilia mpya ya kuchekesha inayovaa nguo za tamthilia ya zamani, swali la kwanza si kama inachekesha. Wanataka kujua huyu anayewacheka ni mtani au ni mpita njia. Na kwa muda mrefu sasa hawajakubaliana juu ya tamthilia moja: The Orville ya Seth MacFarlane.

> Swali la kwanza la mashabiki si kama tamthilia inachekesha.

Chimbuko: sehemu 79

Star Trek ilianza kurushwa na kituo cha NBC cha Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Mtunzi wake, Gene Roddenberry, aliwahi kuwa rubani wa ndege za vita na baadaye polisi wa Los Angeles. Ilidumu misimu mitatu, sehemu 79, na hata msimu huo wa tatu ulipatikana baada ya watazamaji kumiminia kituo barua za kuomba kisiifute. Ilifutwa 1969. Umaarufu wake mkubwa ulikuja baada ya hapo, iliporudiwarudiwa na vituo vya mikoani, kizazi kizima cha watoto wa Marekani kikakua nayo.

Mwaka 1987 ukaja mfululizo wa pili, The Next Generation, wenye nahodha mwenye upara na sauti ya mahubiri, Jean-Luc Picard, aliyeigizwa na Patrick Stewart. Huo ulifika sehemu 178 hadi 1994. Ukiwasikiliza mashabiki wenye umri wa kati wakisema "Star Trek ya kweli", mara nyingi wanamaanisha huu.

Sisi wa Kiswahili tuna kiti chetu kwenye Enterprise, chombo cha tamthilia ile ya 1966, tangu siku ya kwanza. Luteni Uhura, aliyeigizwa na marehemu Nichelle Nichols, alichongewa jina lake kutokana na uhuru wetu, neno lililokuwa likivuma duniani miaka ile. Katika sehemu iliyorushwa usiku ule wa kwanza, "The Man Trap", zimwi linalojigeuza sura linamjia Uhura kama kijana mtanashati na kumsemesha Kiswahili. Mwaka uliofuata, katika "The Changeling", mashine inamfuta kumbukumbu. Anapofundishwa kusoma upya, Kiingereza kinapomshinda anahamia Kiswahili. Lafudhi tuiache.

Jambo jingine kuhusu tamthilia ile ya zamani ni kwamba yenyewe ilikuwa na mizaha. Anayedai kuwa Star Trek si mahali pa kuchekea amesahau "The Trouble with Tribbles" ya Desemba 1967, ambamo vijinyama vya manyoya vinazaana hadi vinajaza chombo, na Nahodha Kirk anafungua ghala la nafaka vikamporomokea kichwani. Mwaka 1996, katika kuadhimisha miaka 30, mfululizo wa Deep Space Nine uliwaingiza waigizaji wake ndani ya picha zilezile za 1967, wakazurura kwenye korido za Kirk wakishangaa mavazi mafupi ya wenyeji. Kwa hiyo kuienzi tamthilia ya kale kwa kuicheka hakukuletwa na watu wa nje. Kulianza nyumbani.

Wiki mbili za Septemba

Mwaka 2017 mashabiki walijikuta mbele ya sahani mbili. Tarehe 10 Septemba, Fox ilianza kurusha The Orville. Tarehe 24, CBS ikazindua Star Trek: Discovery, mfululizo rasmi wa kwanza wa televisheni tangu 2005.

Kila kitu kilikuwa kimegeuzwa juu chini. Star Trek halali ilikuja na giza, vita, na mhusika mkuu aliyeasi mkubwa wake. Hadithi moja ikavutwa msimu mzima, na Mmarekani aliyetaka kuifuatilia baada ya usiku wa kwanza alitakiwa kulipia huduma ya mtandaoni. The Orville ilikuja bure kwenye televisheni ya kawaida. Korido zake zilikuwa na mwanga, mabaharia wake wanapendana, na kila wiki kulikuwa na sayari moja na kisa kinachoisha kabla ya kulala.

Aliyeitunga, MacFarlane, alikuwa anajulikana kwa katuni ya Family Guy, yenye matusi na utani wa chooni. Ndiyo maana matangazo ya Fox yaliiuza kama kichekesho, na wahakiki wakaipima kwa mizani hiyo. Hawakuuma maneno. Kwenye tovuti ya Rotten Tomatoes, inayokusanya tathmini, msimu wa kwanza ulipata takriban asilimia 30 kutoka kwa wahakiki. Watazamaji waliipa zaidi ya asilimia 90. Discovery ilipita upande wa pili wa barabara: wahakiki waliisifu, watazamaji wakagawanyika karibu nusu kwa nusu.

Pengo kama hilo halitokei kwa sababu upande mmoja hauna akili. Wahakiki walitumiwa sehemu chache za mwanzo, na hizo za mwanzo kwa kweli zina kasoro. Hadithi inaanza kwa Ed Mercer, anayeigizwa na MacFarlane mwenyewe, kumfumania mkewe Kelly kitandani na kiumbe wa rangi ya buluu. Mwaka mmoja baadaye anapewa chombo cha kuongoza, na ofisa wake wa kwanza ni Kelly huyohuyo. Kuanzia hapo kila hatari ya angani inakatizwa na majibizano ya talaka. Mengine yanachekesha mara moja, mengine hata mara hiyo moja hayafiki.

Kisha ikaja sehemu ya tatu.

Mtoto wa Bortus

Bortus, anayeigizwa na Peter Macon, ni ofisa kutoka sayari ya Moclus, ambako inaaminika watu wote ni wanaume. Yeye na mwenzake, Klyden, wanapata mtoto, na mtoto ni wa kike. Kwao hilo ni kilema cha kurekebishwa kwa upasuaji. Bortus hana shaka, mpaka rafiki zake wanapomwonyesha katuni ya zamani ya Rudolph, yule paa mwenye pua nyekundu aliyedharauliwa kisha akawa na manufaa. Jitu hili zito, lisilotabasamu, linabadilishwa msimamo na katuni ya Krismasi.

Hapo utani na uzito wa jambo vinakaa kiti kimoja. Mtazamaji aliyezoea Star Trek anajua kitakachofuata: mahakama, hotuba ya nahodha, haki kushinda. Mahakama inakuja. Hotuba inatolewa. Haki inashindwa, na mtoto, aliyepewa jina la Topa, anafanyiwa upasuaji.

Nimeitazama sehemu hiyo, "About a Girl", zaidi ya mara moja, na bado naona ndiyo iliyoamua kesi kwa mashabiki wengi. The Next Generation ilishagusa jambo la jinsia katika "The Outcast" ya 1992, na ilipata lawama kwamba ilizunguka mbuyu. Hii iliingia moja kwa moja, tena ikaacha kidonda wazi. Kidonda chenyewe hakikusahauliwa. Katika msimu wa tatu Topa ameshakuwa kijana, anagundua alichofanyiwa, anataka kurudishwa alivyozaliwa, na uamuzi huo hatimaye unavunja muungano wa kivita kati ya sayari. Tamthilia iliyotangazwa kwa mizaha ya kukojoa iliubeba mzigo huo kwa misimu mitatu.

Mizaha ya kukojoa, kwa njia, ipo kweli. Watu wa Moclus hukojoa mara moja kwa mwaka, na msimu wa pili ulifunguliwa kwa sherehe ya tukio hilo.

> Hotuba inatolewa, haki inashindwa: hapo ndipo mashabiki wengi walipoamua kesi.

"Huyu ni wa nyumbani"

Wanaoitetea The Orville kwa nguvu wana hoja inayoanzia kwenye orodha ya wafanyakazi. Brannon Braga, aliyeandika na kutayarisha Star Trek kwa miaka mingi, ni mtayarishaji wake. David A. Goodman, mwingine katika meza hiyo, ndiye aliyeandika sehemu ya katuni ya Futurama ya 2002 iliyowaleta pamoja waigizaji wa mwanzo wa Star Trek. Jonathan Frakes, yaani Riker wa The Next Generation, ameongoza baadhi ya sehemu. Daktari wa chombo, Penny Johnson Jerald, alikuwa Kasidy Yates katika Deep Space Nine. Waigizaji wengine wa Star Trek, Marina Sirtis, Robert Picardo, Tim Russ na John Billingsley, wote wamepita humo kama wageni. MacFarlane mwenyewe aliwahi kuigiza nafasi ndogo katika Star Trek: Enterprise, na ndiye aliyesaidia kuirudisha Cosmos, kipindi cha sayansi cha Carl Sagan, mwaka 2014.

Kwa maneno mengine, wanasema, jina ndilo lililo geni. Watu ni walewale. Wanaongeza kuwa Star Trek rasmi iliacha kitu ambacho wao walikipenda, kisa kimoja chenye swali moja la kimaadili kwa saa moja, na The Orville ikakiokota.

Upande wa pili unajibu kwamba hilo hasa ndilo tatizo. Kama watu ni walewale, korido ni zilezile, na hata maswali ni yaleyale, kilichobaki cha kuita kipya ni nini? Mfano wao wa kwanza ni "Majority Rule", sayari ambako kila mtu huvaa kifuani kitufe cha kupigiwa kura, na ofisa John LaMarr anakaribia kuharibiwa ubongo kwa sababu alicheza ovyo kwenye sanamu ya shujaa wao. Waliotazama "Nosedive", sehemu ya tamthilia ya Black Mirror iliyotoka mwaka mmoja kabla, waliona jamii inayofanana mno. Hoja yao ni kwamba kuenzi kuna mpaka, na ukiuvuka unakuwa unamvisha mzee kilemba cha ukoka ili watu wasitambue umevaa koti lake.

Wako pia waliokwazwa na mizaha yenyewe. "Cupid's Dagger", sehemu ambamo jasho la mgeni mmoja linawafanya watu wamtamani bila hiari yao, ilipita kama kichekesho wakati swali la ridhaa lilikuwa limekaa wazi mezani. Tamthilia iliyokuwa na ujasiri wa kumtetea Topa ililiruka swali hilo. Hapo nakubaliana na walalamikaji.

Jambo la kuchekesha kuliko mizaha yote ni kilichotokea baadaye. The Orville ilipohamia huduma ya Hulu kwa msimu wa tatu, Juni 2022, ilipunguza utani kwa makusudi. Sehemu zikarefuka, nyingine zikizidi saa nzima. Ile ya kufungulia ilihusu kujiua: Isaac, mashine yenye akili iliyowasaliti wenzake na kisha kuwaokoa, inaamua kujizima kwa sababu ya chuki ya mabaharia. Wahakiki waliobeza mwanzo walianza kusifu. Na baadhi ya mashabiki waliokuwa wakiomba utani upunguzwe wakaanza kuulilia. Walikuwa wamezoea kucheka kidogo kabla ya kuulizwa swali gumu.

Sheria inapoingia

Mabishano haya yangebaki ya barazani kama si suala la nani anamiliki nini.

Desemba 2015, CBS na Paramount walifungua kesi dhidi ya watayarishaji wa Axanar, filamu ya Star Trek ambayo mashabiki walikuwa wameichangia zaidi ya dola milioni 1. Kesi iliisha kwa maelewano Januari 2017. Katikati yake, Juni 2016, wenye mali walitoa masharti kwa kila shabiki anayetaka kutengeneza filamu yake: kisa kisizidi dakika 15, au vipande viwili visivyozidi dakika 30 kwa jumla, na asitumike mtu yeyote aliyewahi kuajiriwa kwenye Star Trek.

Linganisha na The Orville. Hiyo imejaa watu waliowahi kuajiriwa kwenye Star Trek, na imetoa sehemu 36. Ilifanikiwa kwa kubadili majina: Shirikisho likawa Muungano wa Sayari, sare zikapata rangi nyingine, mitambo ya mwendo ikaitwa vingine. Wazo la jumla, la watu waungwana wanaozunguka nyota, halina hati ya kumiliki. Vazi, jina na mhusika ndivyo vyenye hati.

Kwa hiyo shabiki wa kawaida anayetengeneza filamu ya heshima kwa michango hawezi kuvuka nusu saa. Shabiki mwenye kampuni kubwa nyuma yake anaweza kutengeneza misimu mitatu. Baadhi ya mashabiki wa Axanar hawajalisamehe hilo, na sioni kwa nini walisamehe haraka.

> Wazo la watu waungwana wanaozunguka nyota halina hati ya kumiliki.

Katuni ya daraja la chini

Agosti 2020 wenye Star Trek nao wakaamua kujicheka. Lower Decks, katuni ya Mike McMahan, aliyetokea kwenye Rick and Morty, inawafuata maofisa wadogo wa chombo Cerritos. Kazi ya chombo hicho ni kufika kwenye sayari baada ya mashujaa kuondoka, kukamilisha makaratasi na kuhakikisha jina la sayari limeandikwa sawa. Hata kichwa chake kimechukuliwa kwenye sehemu ya The Next Generation ya 1994 iliyowahusu maofisa wa chini.

Wengi waliipokea kwa mashaka. Walisema inakwenda mbio mno, wahusika wanapiga kelele, na ofisa Mariner, mmoja wa wahusika wakuu, ni mtovu wa nidhamu. Lakini kadiri misimu ilivyosonga lawama zilififia, kwa sababu ilidhihirika kwamba katuni hii haipigi utani wa kubahatisha. Utani wake unamtaka mtazamaji awe amekesha. Kuna mizaha inayotegemea kitu kilichoonekana kwa sekunde chache miaka 30 iliyopita. Mwaka 2022 ilirudi kwenye kituo cha Deep Space Nine, na Nana Visitor na Armin Shimerman wakarudi kuwapa sauti Kira na Quark.

Kipimo cha mwisho kilikuja Julai 2023. Waigizaji wa sauti za maofisa Boimler na Mariner, Jack Quaid na Tawny Newsome, walitoka kwenye katuni wakaingia kimwili katika Strange New Worlds, mfululizo unaohusu chombo cha Enterprise kabla ya Kirk. Frakes aliongoza. Boimler anafika mbele ya Spock na Nahodha Pike akitetemeka kama shabiki yeyote aliyepanga foleni kupata saini. Mariner anamwona Uhura, shujaa wake, na badala ya kumwabudu anamlazimisha aache kazi apumzike.

Kwa macho yangu, hiyo ni heshima iliyokomaa kuliko yoyote katika kundi hili. The Orville inabishana vizuri zaidi. Lower Decks inapenda vizuri zaidi. Asiyewahi kuona Star Trek, hata hivyo, ataachwa nje ya mlango wa Lower Decks nusu ya muda, na The Orville haimfungii mtu nje. Hilo ni jambo kubwa, na mashabiki wa katuni hiyo hawapendi kuambiwa.

Wapita njia na wasiodaiwa

Majaribio ya wapita njia yapo, na hayakudumu. NBC, kituo kilekile kilichoifuta Star Trek, kilirusha Quark mwaka 1977 na 1978, tamthilia ya chombo cha kuzoa takataka angani. Ilikufa mapema. Iliiga sura ya juu ya Star Trek na Star Wars, na chini ya sura hiyo hapakuwa na kitu cha kumrudisha mtu wiki inayofuata.

Red Dwarf ya Uingereza, iliyoanza BBC mwaka 1988, ilichagua kutodaiwa na mtu. Lister ni mwanadamu wa mwisho, anaamka miaka milioni 3 baada ya wenzake wote kufa, akiwa na kivuli cha mwenzake asiyempenda na kiumbe aliyetokana na paka. Inakopa kwa kila filamu ya anga iliyowahi kutengenezwa, lakini uti wake wa mgongo ni wanaume wawili wasioweza kuachana. Pengine ndiyo sababu imerudi kwenye televisheni mara kadhaa huku watani wengine wakisahaulika.

Shabiki kizimbani

Kuna tamthilia moja iliyowageuzia mashabiki kioo, na si wote walioifurahia. "USS Callister", sehemu ya Black Mirror iliyotoka Desemba 2017, miezi mitatu baada ya The Orville, inamhusu mtaalamu wa kompyuta anayeipenda tamthilia ya anga ya utotoni mwake. Ameitengeneza upya ndani ya mchezo wa kompyuta, na humo amewafungia nakala hai za wafanyakazi wenzake. Kila usiku anaingia kuwa nahodha wao. Anayepinga anafutwa uso.

Ina vicheko vingi, na ilizoa tuzo nne za Emmy. Ila hoja yake inachoma: kwamba mtu anaweza kuijua kila sehemu ya hadithi ya haki na usawa, na asichukue humo hata chembe. Jesse Plemons anamwigiza nahodha huyo kwa ishara za Kirk, na ndani ya ishara hizo hamna kitu.

Wapo walioona sehemu hiyo ni tusi kwa mashabiki wote. Naona ilikuwa na haki ya kusema. Mabishano makali zaidi dhidi ya Discovery hayakuwa juu ya giza wala mwendo wa hadithi. Mengine yalikuwa chuki tupu kwa kuwa mhusika mkuu ni mwanamke mweusi. Waliosema hivyo huku wakijiita walinzi wa Star Trek ya 1966, ile ya Uhura, walikuwa wanalinda kitu ambacho hakijawahi kuwapo.

Kilichobaki

The Orville ilimaliza msimu wake wa tatu tarehe 4 Agosti 2022, na baada ya hapo haikutoa sehemu mpya. Waigizaji wametawanyika kwenye kazi nyingine, seti ni za gharama, na huduma za mtandaoni zimeacha kumwaga fedha kama zamani. Lower Decks ilifungwa Desemba 2024 ikiwa na sehemu 50, watazamaji wake wakiwa bado wanaomba iendelee. Mashabiki wametumia mbinu ya babu zao ya 1968, yaani maombi na saini. Tofauti ni kwamba kituo cha zamani kiliweza kuona magunia ya barua, na kampuni ya leo inasoma takwimu ambazo haimwonyeshi mtu.

Anayetaka kuamua mwenyewe nani ni mtani, aanze na Galaxy Quest, kisha "The Trouble with Tribbles" ya 1967, kisha "About a Girl" na "A Tale of Two Topas" za The Orville zikifuatana. Lower Decks aiweke mwisho, baada ya kuonja japo msimu mmoja wa The Next Generation. Sehemu ya kwanza kabisa ya The Orville anaweza kuiruka. Atakachokosa ni ugomvi wa talaka, na huo utarudiwa katika sehemu zinazofuata.